Mchora Alama na Kazi Yake

Mfugaji mwenye ng'ombe wengi huwatia alama, ili wakichanganyika na ng'ombe wa jirani machungani wasipotee. Hutia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kisha humgusa ng'ombe pajani. Kidonda hupona, lakini alama hubaki maisha. Mtu akimkuta ng'ombe huyo sokoni hana haja ya kuuliza ni wa nani, maana alama imekwisha kusema. Sisi twaiita alama hiyo chapa. Waingereza nao wana neno lao moja kwa alama ya ng'ombe na kwa alama ya bidhaa, na asili ya neno hilo ni kuchoma kwa moto.

Wafanya biashara nao wana chapa zao. Itazameni kanga ya mama au ya dada nyumbani. Ukingoni mwake mara nyingi mtaona maneno madogo yamwonyeshayo aliyeitengeneza. Wanawake wengi wa pwani wayajua maneno "Mali ya Abdulla", ambayo nyumba ya biashara ya Kaderdina ya Mombasa imeyatumia kwa miaka mingi. Mnunuzi akiyaona, ajua kanga ile imetoka wapi, naye akumbuka kama ile ya kwanza ilidumu au ilichuja upesi.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Huenda mmoja wenu akauliza, "Ikiwa kitu chema chajiuza chenyewe, alama ni ya nini?" Swali hilo ni zuri, na somo letu ni la kulijibu.

Kazi anayopewa mwanafunzi

Siku hizi kazi ya kuchora alama hufundishwa vyuoni. Yaitwa usanifu wa michoro. Mwanafunzi wake hujifunza kuchora, kupanga herufi, kuchagua rangi, na kutengeneza kurasa za intaneti. Hapimwi kwa mtihani wa kalamu na karatasi peke yake. Hupewa kazi ya majuma mengi, naye hupimwa kwa jinsi alivyoifanya tangu mwanzo hata mwisho.

Tuseme mwalimu ampa mwanafunzi kazi hii: chama cha warina asali chataka alama ya kubandika chupani, tena chataka ukurasa wa intaneti wa kuuzia asali yao. Mtu asiyefundishwa angekimbilia kalamu mara moja, achore nyuki. Aliyefundishwa vema haanzi hivyo. Kwanza huuliza. Asali hii yanunuliwa na nani? Yauzwa dukani, au njiani, au kwa simu? Ina sifa gani kuliko asali nyingine? Wauzaji wengine wana alama gani? Maana ikiwa kila chupa dukani ina nyuki, nyuki mmoja zaidi hatamsaidia mnunuzi kutofautisha.

Akiisha kupata majibu, ndipo hushika kalamu. Huchora michoro midogo mingi, upesi upesi, pengine thelathini au hamsini, wala hafuti kitu. Ile ya kwanza kwa kawaida si mizuri, kwa kuwa lililo la kwanza kumjia yeye limewajia na wengine pia. Kisha huchagua michache, huanza kuipunguza. Kupunguza ndiko kazi ngumu. Hutoa mstari mmoja, hutazama; hutoa wa pili, hutazama tena; mpaka afike mahali ambapo akitoa kingine chochote, maana yapotea. Hapo huacha.

Alama iliyobaki hujaribiwa. Huchorwa kwa rangi nyeusi tu, kwa sababu siku moja itapigwa muhuri, au itatolewa nakala isiyo na rangi. Hupunguzwa hata iwe ndogo kama ukucha, na hukuzwa hata ienee ukutani. Kwa kazi hii mwanafunzi hutumia programu ya kompyuta isiyohifadhi picha kama vitone vingi, bali kama vipimo vya mistari. Hivyo alama huweza kukuzwa upendavyo, na kingo zake hazikwaruziki. Mwisho mwanafunzi humwonyesha mtu alama ile kwa dakika moja, huificha, kisha humwambia, "Ichore." Mtu akiweza kuichora, hata kama mkono wake si stadi, alama ni nzuri.

Carolyn Davidson na kiatu

Sasa nitawaeleza habari za mwanafunzi mmoja aliyefanya kazi ya namna hii, si kwa mfano bali kweli. Jina lake Carolyn Davidson. Alikuwa akisoma usanifu katika chuo kikuu cha mji wa Portland, nchi ya Marekani. Siku moja alikuwa akiwasimulia wenzake ya kuwa hana fedha za kununua rangi za mafuta. Mwalimu wa hesabu za biashara, Phil Knight, alikuwa akipita, akasikia. Knight alikuwa na biashara ndogo ya kuuza viatu vya wakimbiaji, naye akampa Carolyn kazi ya kuchora chati, kwa ujira wa dola 2 kwa saa.

Mwaka 1971 Knight alihitaji alama ya kutia ubavuni mwa viatu vipya. Alimpa Carolyn masharti mawili: alama ionyeshe mwendo, wala isifanane na ya wengine, maana kampuni ya Adidas ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kujulikana kwa mistari yake mitatu. Carolyn akachora kiatu. Juu ya mchoro ule akatandaza karatasi nyembamba ambayo kiatu kilionekana chini yake, akachora alama, haikumridhisha, akatandaza karatasi nyingine. Angalieni akili yake. Hakuichora alama mahali patupu, bali aliichora pale pale itakapokaa. Alama iliyo nzuri mezani huweza kuwa mbaya juu ya kiatu, kama nguo iliyo nzuri dukani na isimfae aliyeinunua.

Alipeleka michoro kadha, nao wakachagua mmoja: mstari uliopinda, mnene upande huu, uliochongoka upande wa pili, mfano wa bawa la ndege arukaye. Knight hakuupenda sana; alisema huenda atauzoea baadaye. Viatu vikapewa jina la Nike, ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa jina la mungu wa kike wa ushindi. Carolyn alidai ujira wa saa 17 na nusu, jumla dola 35, akalipwa.

Leo mstari ule wajulikana karibu dunia nzima, hata mara nyingi huwekwa peke yake pasipo jina. Wengine husema, "Carolyn alipunjwa!" Wengine hujibu, "La, alilipwa kama walivyopatana, na siku ile hakuna aliyejua yatakayokuja." Ninyi wenyewe mtafakari. Mwaka 1983, kampuni ilipokuwa imekua sana, Knight alimwita Carolyn, akampa pete ya dhahabu yenye almasi na umbo la mstari ule, pamoja na hisa za kampuni. Ni dhahiri ya kuwa mwenye mali mwenyewe aliona deni halijaisha. Kwa hiyo walimu huwafundisha wanafunzi wao kuandika mapatano kabla ya kuchora: kazi ni ipi, ujira ni kiasi gani, na alama itakuwa mali ya nani.

Tena kuna fundisho la pili. Mstari ule ulipochorwa haukuwa na thamani kubwa. Thamani yake ilitoka katika viatu vilivyovaliwa, na katika mbio zilizokimbiwa. Kama viatu vingalichanika baada ya juma moja, watu wangaliijua alama ile ili waikimbie.

Alama iliyosema zaidi ya kweli

Mwaka 1970 palikuwa na mashindano nchini Marekani. Kampuni moja iliyotengeneza masanduku ya karatasi ngumu ilitaka alama ya kuonyesha karatasi iliyotumika ikatengenezwa upya. Aliyeshinda alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa majengo wa California, Gary Anderson, kijana wa miaka 23. Alichora mishale mitatu iliyokunjwa, kila mmoja ukiufuata mwenziwe, yote ikafanya pembetatu.

Wazo moja alilipata katika utepe wa ajabu ambao ninyi pia mwaweza kuutengeneza. Kateni ukanda mrefu wa karatasi, upindueni mara moja, kisha gundisheni ncha zake pamoja. Sasa pitisheni penseli katikati ya ukanda bila kuinua mkono. Mtaona penseli imepita pande zote mbili, na kurudi mahali ilipoanza, maana utepe huo una upande mmoja tu. Vivyo hivyo karatasi hutumika, hukusanywa, hutengenezwa, hutumika tena.

Alama ile haikufanywa mali ya mtu. Kila mtu alikuwa huru kuitumia. Hapo matata yakaingia. Mwaka 1988 chama cha watengeneza plastiki wa Marekani kilianza kutia katika vyombo vyao pembetatu ya mishale yenye tarakimu ndani yake, tangu 1 hata 7. Tarakimu ilionyesha aina ya plastiki, ili wachambuzi wa taka wajue. Lakini mwananchi aliyeona mishale hakufikiri habari za tarakimu. Alisema moyoni, "Chombo hiki kitatengenezwa upya," akakitupa katika pipa la vitu vya kutengenezwa upya. Kumbe aina nyingine za plastiki zile hazikuwa na mahali pa kutengenezwa upya. Ziliishia kufukiwa au kuchomwa. Mwaka 2013 kanuni ya alama hizo ilibadilishwa, mishale ikaondolewa, ikawekwa pembetatu ya mistari mitupu. Hata hivyo vyombo vyenye mishale havijaisha duniani.

Anderson hakukosa, mchoro wake ulikuwa mwema. Lakini alama njema ilitiwa mahali pasipo pake, nayo ikasema zaidi ya kweli. Mwanafunzi wa usanifu hufundishwa habari hii ili ajue ya kuwa haitoshi kuuliza, "Alama hii ni nzuri?" Yampasa kuuliza pia, "Mtu akiiona ataamini nini? Je, hilo atakaloamini ni kweli?" Akichora milima na maua chupani, na asali yenyewe imetiwa sukari, amekuwa shahidi wa uongo.

Ukurasa wa intaneti

Alama ikiisha kuwa tayari, mwanafunzi hugeukia ukurasa. Kurasa hizi si za kale. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, nchi ya Uswisi, alieleza wazo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 ukurasa wa kwanza ulikuwa umefunguliwa kwa watu wa nje. Mwaka 1993 maabara ile ilitangaza ya kuwa kila mtu aweza kuitumia njia hiyo bure. Kurasa za kwanza zilikuwa maneno tu, hazina pambo. Mnorwe Håkon Wium Lie akatoa shauri mwaka 1994 kwamba maneno ya ukurasa yaandikwe mahali pamoja, na sheria za rangi, herufi na nafasi ziandikwe mahali pengine. Mpaka leo kurasa hujengwa hivyo. Ni kama nyumba: nguzo na kuta ni kitu kimoja, chokaa na rangi ni kitu kingine. Ukitaka kubadili rangi, huna haja ya kubomoa ukuta.

Mwanafunzi wetu wa asali ana mambo ambayo hana budi kuyaangalia.

Kwanza ni rangi. Wapiga chapa hutumia wino wa rangi nne, na wino ukichanganywa huzidi kuwa mweusi. Kioo cha simu hutumia nuru ya rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na nuru zote tatu zikiungana huwa nyeupe. Kwa hiyo manjano ya asali iliyo chupani na manjano ya kiooni hazitalingana zenyewe. Ni lazima azilinganishe kwa vipimo.

Pili ni ukubwa wa kioo. Mwanafunzi atengeneza ukurasa kwa kompyuta kubwa ya chuo, lakini mnunuzi ana simu ndogo mkononi, amesimama juani. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja ujipangao upya kwa kila kioo, kama maji yanavyofuata umbo la mtungi. Jambo hili sasa ni la kawaida. Tena picha kubwa mno huchelewa kufunguka, na humla mnunuzi fedha za simu. Mwenye ukurasa hapaswi kumtoza mgeni kabla ya kumwuzia.

Tatu ni watu wasioona vema. Kuna vipofu wasomao kwa masikio. Programu huwasomea ukurasa kwa sauti. Lakini picha haina sauti, isipokuwa mtengenezaji ameandika nyuma yake maneno ya kuieleza. Kuna na wanaoona kwa shida. Kanuni za ulimwengu za kurasa hutaka mwangaza wa herufi za kawaida na mwangaza wa mahali palipo nyuma yake upitane angalau kwa kipimo cha 4.5 kwa 1. Herufi za manjano juu ya karatasi nyeupe hazifiki hapo, ijapokuwa zapendeza. Tena wako watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ukisema, "Bonyeza kile chekundu," umewaacha nje ya mlango. Andika neno juu yake: "Nunua."

Nne ni mpango. Mgeni akiingia dukani, hataki kusomewa historia ya duka. Ataka kujua kuna nini, bei gani, na atapataje. Basi hayo hutangulia. Historia ya warina asali hufuata, kwa mwenye nafasi.

Ili ajue kama amefaulu, mwanafunzi hutafuta mtu ambaye hajauona ukurasa, humpa simu, humwambia, "Nunua chupa moja ya asali." Kisha hunyamaza kimya. Hili la kunyamaza ndilo gumu, maana ulimi humwasha: ataka kusema, "Si hapo, bonyeza juu!" Lakini siku za biashara yeye hatakuwapo kumwelekeza kila mnunuzi. Mtu akipotea, si mjinga. Ukurasa ndio uliopotoka. Mwanafunzi huandika mahali alipopotea, hurekebisha, hujaribu kwa mtu mwingine.

Siku ya kuonyesha kazi

Mwisho huja siku ya kuonyesha kazi. Michoro hubandikwa ukutani, mwanafunzi husimama mbele yake, na wenziwe pamoja na mwalimu humwuliza. Hairuhusiwi kusema, "Naipenda," au, "Siipendi," ukakoma hapo. Kila mtu hana budi kutoa sababu. "Alama yako ikiwa ndogo, tundu hili la katikati lazibika." "Bei nimeitafuta sana, sikuiona upesi." Siku ile wengine hutokwa na jasho, na wako waliotokwa na machozi, kwa kuwa mtu hupenda kazi ya mikono yake kama mtoto wake. Lakini aliye na hekima hushika kalamu, akaandika yale anayoambiwa. Makosa yaonekanayo ukutani mwa chuo husahihishwa kwa penseli. Yaonekanayo katika chupa elfu kumi huwagharimu warina asali fedha zao.

Sasa turudi kwa wahenga. Ni kweli chema chajiuza. Wala hakuna mchoro utakaoifanya asali mbaya kuwa tamu. Lakini mnunuzi aliyeonja asali njema leo, atarudi baada ya mwezi, naye atakuta chupa ishirini dukani, zote za rangi moja. Atajuaje iliyo njema? Alama ndiyo itakayomshika mkono na kumwambia, "Ni mimi yule wa juzi." Basi alama ni ahadi. Mchoraji huiandika ahadi hiyo ili isomeke na wote, wakubwa kwa wadogo, waonao na wasioona. Mwenye mali huitimiza kila siku kwa kazi yake. Mmoja wao akiwa mwongo, kazi ya mwenziwe imepotea bure.

Nanyi mtakapokwenda dukani, msipite kama vipofu. Chukueni kopo moja, tazameni alama yake, mjiulize: Yaniahidi nini? Na je, yatimiza?

Maswali

1. Kwa nini mwanafunzi huuliza maswali kabla ya kuchora?
2. Carolyn Davidson aliijaribu alama yake kwa njia gani, na njia hiyo ilikuwa na faida gani?
3. Je, waona dola 35 zilikuwa ujira wa haki? Toa sababu zako.
4. Mishale ya Gary Anderson ilikuwa njema. Kosa lilitoka wapi?
5. Tengeneza utepe wenye upande mmoja kama ulivyoelezwa, umwonyeshe mwenzako.
6. Chora alama ya shamba la shule kwa rangi moja tu. Mwonyeshe mwenzako, uifiche, kisha mwambie aichore.